Kupima Msongo wa Mawazo kwa Maswali Kumi: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Wanafunzi wa vyuo, washauri nasaha na maofisa utumishi wengi wanaotumia dodoso la maswali kumi kupima msongo wa mawazo huishia na jedwali la alama lisilo na maana. Karibu kila mara kosa ni lilelile: maswali manne kati ya kumi yanauliza kwa upande wa heri, kama vile kujiamini, lakini alama zake hujumlishwa kana kwamba yameuliza kwa upande wa shari, kama vile kulemewa. Makosa mengine yapo, nayo yataguswa kwa zamu yake, ila hilo ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, na ndilo litakalopewa nafasi kubwa hapa.

Dodoso linalozungumziwa ni toleo la maswali kumi la kipimo kiitwacho Perceived Stress Scale, ambalo hujulikana kwa kifupi kama PSS-10. Kipimo hiki hakihesabu misiba, madeni wala majukumu yaliyompata mtu. Kinamuuliza yeye mwenyewe aliyaonaje maisha yake katika mwezi uliopita: je, yalikwenda bila kutabirika, yalimponyoka mikononi, au yalimwelemea? Kwa hiyo watu wawili wenye kazi moja na mzigo mmoja wanaweza kupata alama zinazotofautiana sana, na hiyo si kasoro ya kipimo, bali ndilo jambo lenyewe linalopimwa.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kumhoji mtu yeyote kabla ya kuwa na vitu hivi vyote mkononi:

- Nakala ya dodoso lenye maswali yote 10 katika mpangilio wake wa asili, pamoja na maelekezo ya kukokotoa alama ya toleo hilohilo.
- Tafsiri moja tu, iliyokwisha kujaribiwa, kwa kila lugha utakayotumia.
- Maelezo mafupi ya ridhaa, yanayotaja lengo, muda, usiri na haki ya mtu kukataa au kuacha katikati.
- Namba za utambulisho zitakazotumika badala ya majina.
- Kadi kubwa yenye majibu matano ya kuchagua, kuanzia "kamwe" hadi "mara nyingi sana", kwa ajili ya wasomewao maswali.
- Lahajedwali kwenye kompyuta, au karatasi yenye mistari na safu ikiwa watu ni wachache.
- Orodha ya watoa huduma wa afya ya akili wanaofikika, pamoja na njia za kuwapata.

Kitu cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi. Ukimuuliza mtu kama matatizo yamemlemea, huenda ukawa wa kwanza kumuuliza hivyo kwa muda mrefu, na huwezi kuanza kutafuta namba ya simu ya mshauri wakati yeye amekwisha kububujikwa na machozi.

Kumbuka pia kwamba kipimo hiki kina haki miliki. Matumizi ya utafiti wa kitaaluma na ya elimu yasiyo ya kibiashara yameruhusiwa bila kuomba kibali, lakini anayetaka kukitumia katika biashara sharti aombe.

## Hatua ya 1: Amua unataka kujua nini

Andika swali lako katika sentensi moja. PSS-10 inafaa kwa kulinganisha makundi, kufuatilia mabadiliko ya kundi moja kwa nyakati mbili, au kuangalia kama msongo unaambatana na jambo jingine, kwa mfano usingizi au saa za kazi.

Haifai kumtambua mtu kuwa mgonjwa. Hakuna ugonjwa unaothibitishwa kwa alama zake, na wala haiulizi kuhusu dalili za sonona au mawazo ya kujidhuru. Anayetaka kuchunguza dalili za sonona atumie chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kama dodoso la PHQ-9, na anayetaka kuchunguza dalili za wasiwasi atumie dodoso la GAD-7. Hata vyombo hivyo huishia kwenye uchunguzi wa awali, kwa kuwa uamuzi wa ugonjwa ni wa mtaalamu.

Utajua umefanikiwa ikiwa mtu asiyejua kazi yako ataisoma sentensi yako na kukueleza nani anapimwa, lini, na matokeo yatafanyiwa nini.

## Hatua ya 2: Chagua toleo, kisha usilichokonoe

Yapo matoleo matatu. La kwanza, lililochapishwa mwaka 1983, lina maswali 14, na jumla yake huanzia 0 hadi 56. La maswali 10 huanzia 0 hadi 40. La maswali 4 huanzia 0 hadi 16, na hutumika pale ambapo muda ni mfinyu mno, kama katika mahojiano ya simu, ingawa ufupi huo hulipunguzia uthabiti. Kwa kazi nyingi chagua la maswali 10.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba maswali ya kugeuza, yaani yale ya heri ambayo alama zake hupinduliwa kabla ya kujumlishwa, hayana namba zilezile katika matoleo yote. Katika PSS-10 ni swali la 4, 5, 7 na 8. Katika toleo la maswali 14 ni la 4, 5, 6, 7, 9, 10 na 13. Katika la maswali 4 ni la 2 na la 3. Anayechukua dodoso kutoka sehemu moja na maelekezo kutoka sehemu nyingine hujikuta anageuza yasiyogeuzwa na kuyaacha yanayostahili.

Usibadilishe "mwezi uliopita" kuwa "wiki hii" au "mwaka huu". Usipunguze majibu matano kuwa matatu, na usiondoe swali kwa sababu tu linafanana na jingine. Kila badiliko la namna hiyo hukuachia chombo kipya ambacho hakijawahi kuthibitishwa, na alama zake haziwezi kulinganishwa na za mtu mwingine yeyote.

Ikiwa hakuna tafsiri iliyojaribiwa kwa lugha unayoihitaji, itengenezwe na watu wawili, kila mmoja akifanya kazi peke yake, tafsiri zao ziunganishwe, kisha mtu wa tatu ambaye hajaona dodoso la awali airudishe tafsiri hiyo katika lugha ya asili, ili pale maana ilipopotoka paonekane. Kutafsiri papo hapo mbele ya mhojiwa hakukubaliki hata kidogo, kwa kuwa kila mhoji atatoa maneno yake, na mwishowe utakuwa umepima wahoji.

## Hatua ya 3: Lijaribu dodoso kwa watu wachache

Watafute watu watano hadi kumi wanaofanana na walengwa wako, lakini ambao hawatahesabiwa katika kazi yenyewe. Baada ya kila swali, muulize mtu alielewa linauliza nini, na alikuwa akikumbuka jambo gani alipochagua jibu.

Sikiliza hasa maswali yenye ukanushi ndani yake. Swali linalouliza ni mara ngapi mtu *alishindwa* kuyamudu mambo, likijibiwa "mara chache sana", humlazimu mhojiwa apindue maana mara mbili kichwani, na wengine hujibu kinyume cha walichokusudia bila wao wala wewe kugundua. Kipimo hiki kiliandaliwa kwa watu waliofikia angalau kiwango cha mwanzo cha elimu ya sekondari, hivyo kwa waliosoma kidogo zaidi jaribio hili ni la lazima.

Utajua umefanikiwa ikiwa watu wote wanalieleza swali moja kwa maana moja, hata kama maneno yao ni tofauti.

## Hatua ya 4: Simamia ujazaji

Anza kwa ridhaa, kisha soma utangulizi uleule kwa kila mtu: kwamba maswali yanahusu hisia na mawazo yake katika mwezi uliopita, kwamba hakuna jibu sahihi wala kosa, na kwamba ajibu haraka bila kujaribu kuhesabu siku. Ujazaji wenyewe hauzidi dakika chache.

Juu ya karatasi usiandike "Dodoso la Msongo wa Mawazo". Kichwa cha aina hiyo humwambia mtu unachotafuta, naye akakupa au akakunyima. Andika tu "Maswali kuhusu mwezi uliopita".

Kwa asiyesoma, au asiyeona vizuri, msomee maswali kwa sauti ya kawaida huku kadi ya majibu matano ikiwa mbele yake, au umrudie majibu yote kila swali. Akisema hajaelewa, rudia swali neno kwa neno. Tamaa ya kumfafanulia ni kubwa, hasa kwa mshauri aliyezoea kusaidia, lakini ufafanuzi wako utakuwa sehemu ya jibu lake.

Msimamizi wa kazi asiwe ndiye anayewahoji walio chini yake, na daktari asimhoji mgonjwa wake mwenyewe pale panapowezekana mtu mwingine. Hakuna anayemwambia bosi wake kwamba kazi imemshinda.

Mhojiwa akionyesha kuzidiwa, simamisha mahojiano. Dodoso linaweza kusubiri. Akitamka kwamba anataka kujidhuru, usimwache peke yake, mweleze kwa upole kwamba jambo hilo huwezi kulifanya siri, na umuunganishe mara moja na huduma uliyoiandaa.

## Hatua ya 5: Ingiza majibu jinsi yalivyo

Majibu huandikwa kwa tarakimu: 0 kwa "kamwe", 1 kwa "mara chache sana", 2 kwa "wakati mwingine", 3 kwa "mara nyingi" na 4 kwa "mara nyingi sana". Tengeneza safu moja ya namba ya utambulisho na safu kumi za majibu, kisha uingize kila jibu *jinsi lilivyo kwenye karatasi*, bila kugeuza lolote. Swali lililorukwa liachwe wazi; ukiweka 0 utakuwa umemjibia.

Wapo wanaogeuza kichwani wakati wa kuingiza, wakidhani wanaokoa muda. Baada ya karatasi thelathini hukumbuki tena ipi umegeuza na ipi umesahau, na hakuna njia ya kugundua ila kuanza upya.

Kabla ya kusonga mbele, tafuta waliochagua jibu moja tangu swali la kwanza hadi la kumi. Huenda mtu huyo hakusoma, kwa sababu ni vigumu, kwa mfano, mambo yamshinde mara nyingi sana na wakati huohuo ayamudu mara nyingi sana. Hatari yake ni kwamba jumla yake haitamfichua. Aliyejaza 0 kote atapata 16 baada ya kugeuza, aliyejaza 2 kote atapata 20, na aliyejaza 4 kote atapata 24. Wote huangukia katikati na kuonekana watu wa kawaida kabisa. Ni majibu ghafi pekee yanayoweza kukuonyesha, na hiyo ni sababu nyingine ya kuyatunza.

## Hatua ya 6: Geuza maswali manne

Swali la 1, 2, 3, 6, 9 na 10 yanauliza kuhusu shari: kukasirishwa na yasiyotarajiwa, kushindwa kudhibiti mambo muhimu, kuhisi matatizo yanarundikana, na mengine ya jinsi hiyo. Hapa jibu kubwa lina maana ya msongo mkubwa, hivyo alama hubaki ilivyo.

Swali la 4, 5, 7 na 8 yanauliza kuhusu heri: kujiamini katika kushughulikia matatizo binafsi, kuona mambo yanakwenda upendavyo, kuzimudu kero, na kuhisi umeyashika mambo yako. Hapa jibu kubwa lina maana ya msongo *mdogo*. Ili yaweze kujumlishwa na yale sita, kila jibu hutolewa kwenye 4: 0 huwa 4, 1 huwa 3, 2 hubaki 2, 3 huwa 1, na 4 huwa 0.

Kwenye lahajedwali, ongeza safu nne mpya upande wa kulia. Ikiwa jibu la swali la 4 liko kwenye kisanduku E2, safu mpya iandikwe `=4-E2`, kisha fomula ivutwe hadi chini. Usiandike juu ya safu ya asili. Angalizo moja: kisanduku kilichoachwa wazi kitasomwa na fomula hiyo kama 0 na kukupa 4, kwa hiyo tumia `=IF(E2="","",4-E2)`.

Mfano utaonyesha ukubwa wa hasara. Mtu wa kwanza ametulia. Maswali yake sita ya shari yana jumla ya 5, na yale manne ya heri ameyajibu 3, 4, 3 na 3, yaani 13. Yakigeuzwa huwa 1, 0, 1 na 1, yaani 3, na jumla yake sahihi ni 8. Mtu wa pili amelemewa. Maswali ya shari yana jumla ya 19, na ya heri ameyajibu 1, 1, 0 na 1. Yakigeuzwa huwa 3, 3, 4 na 3, yaani 13, na jumla yake sahihi ni 32.

Sasa sahau kugeuza. Wa kwanza anapata 18, wa pili anapata 22. Tofauti ya alama 24 kati ya mtu aliyetulia na aliyelemewa imebaki alama 4, na hakuna kitu katika jedwali kitakachokushtua, kwa kuwa namba zote mbili zinakubalika. Ndiyo maana kosa hili hupita hadi kwenye ripoti: halitoi alama za ajabu, bali huwasogeza watu wote kuelekea katikati, kisha mtafiti anaandika kwamba "hakukuwa na tofauti kati ya makundi".

Ipo njia ya mkato ya kuhakiki kwa mkono. Chukua 16, ongeza jumla ghafi ya maswali sita ya shari, kisha toa jumla ghafi ya maswali manne ya heri. Kwa mtu wa kwanza ni 16 + 5 − 13 = 8, na kwa wa pili ni 16 + 19 − 3 = 32. Chagua karatasi kadhaa bila mpangilio na ufanye hesabu hiyo kando. Jibu likipishana na la kompyuta hata mara moja, fomula zote zikaguliwe. Njia hii hufanya kazi pale tu ambapo mtu amejibu maswali yote kumi.

## Hatua ya 7: Jumlisha, na shughulikia mapengo

Jumlisha maswali sita yalivyo pamoja na manne yaliyogeuzwa. Jumla isiwe chini ya 0 wala zaidi ya 40.

Mtu akiruka swali moja, njia inayotumika sana ni kukokotoa wastani wa maswali aliyojibu, baada ya kugeuza, kisha kuuzidisha kwa 10. Aliyejibu maswali tisa na kupata 18 ana wastani wa 2, na jumla yake ni 20. Ikiwa ameruka maswali matatu au zaidi, ushauri wangu ni kumwondoa kwenye hesabu ya jumla na kutaja idadi ya walioondolewa. Kuhusu mawili watu hutofautiana, ila kanuni yako ipange kabla ya kuyaona matokeo.

## Hatua ya 8: Kagua kama maswali yanakwenda pamoja

Ukiwa na watu wa kutosha, kokotoa alfa ya Cronbach, ambayo huonyesha kiasi ambacho maswali yanakubaliana. Kiwango cha 0.70 na kuendelea ndicho kinachokubalika kwa kawaida.

Alfa ikitoka ndogo mno, au hasi, usikimbilie kuandika kwamba kipimo hakiifai jamii yako. Angalia kwanza uhusiano wa kila swali na jumla ya mengine. Ikiwa la 4, 5, 7 na 8 ndiyo yenye uhusiano hasi, rudi Hatua ya 6, maana hukugeuza. Ikiwa swali moja tu ndilo linalopotoka, tazama tafsiri yake.

## Hatua ya 9: Soma alama bila kuzizidishia maana

Alama kubwa ina maana ya msongo mkubwa, basi. Waandishi wa kipimo hawakuweka mipaka ya "mdogo", "wa kati" na "mkubwa". Mgawanyo wa 0–13, 14–26 na 27–40 unaozungukazunguka mitandaoni hugawa tu urefu wa kipimo katika mafungu matatu yanayokaribiana; haukutokana na kuwachunguza watu na kuona ni wapi madhara yanaanzia. Mtu mwenye 26 na mwenye 27 hawana tofauti yoyote ya maana, na kumwita mmoja "wa kati" na mwingine "mkubwa" ni kumtisha mtu kwa rula.

Linganisha na kundi. Katika kura ya maoni iliyofanyika Marekani mwaka 1983 kwa watu wazima 2,387, wastani wa PSS-10 ulikuwa 13.02, na mkengeuko sanifu (kiasi ambacho alama hutawanyika kuuzunguka wastani) ulikuwa 6.35; wanawake walikuwa juu kidogo kuliko wanaume. Namba hizo zinasaidia kuona jinsi watu wanavyotawanyika, lakini si kipimo cha uzima kwa watu wa nchi nyingine na zama nyingine. Kundi bora la kulinganisha ni lile ulilolipima wewe mwenyewe kwa tafsiri ileile na kwa njia ileile.

Ukimrudishia mtu alama zake, mwambie ziko juu, chini au karibu na wastani wa kundi lake, kisha muulize yeye anaonaje. Mazungumzo hayo mara nyingi huwa na faida kuliko namba yenyewe.

## Hatua ya 10: Kurudia kipimo

Kwa kuwa maswali yanahusu mwezi uliopita, ukirudia baada ya wiki moja utakuwa unauliza kuhusu siku nyingi zilezile. Acha angalau mwezi mzima kati ya kipimo na kipimo.

Jambo hili huwakwaza sana wanaotathmini mafunzo. Semina ya wiki nne ikifungwa Ijumaa, na dodoso likajazwa Ijumaa hiyohiyo, mhojiwa anaeleza maisha yake *wakati* wa semina, si baada yake. Subiri wiki nne nyingine.

Wala usichague wale tu walioanza na alama za juu kisha ufurahie kwamba zimeshuka. Walio juu kabisa katika kipimo cha kwanza huelekea kushuka katika cha pili hata wasipofanyiwa lolote, kwa sababu baadhi yao walikutwa katika mwezi mbaya. Bila kundi la kulinganisha ambalo halikupata mafunzo, hutajua kilichoshuka kwa semina na kilichoshuka chenyewe.

## Hatua ya 11: Andika ripoti inayoweza kukaguliwa

Taja toleo la kipimo, lugha na chanzo cha tafsiri, kipindi kilichoulizwa, kama watu walijaza wenyewe au walisomewa, idadi ya waliojibu na walioondolewa pamoja na sababu, maswali yaliyogeuzwa kwa namba zake, kanuni ya mapengo, alfa, wastani, mkengeuko sanifu, na alama ya chini na ya juu kabisa iliyopatikana. Yote hayo huingia katika aya moja. Majina yasiwemo, na kama kundi lina watu wachache kiasi kwamba msomaji anaweza kukisia nani ni nani, alama zao ziunganishwe na za kundi jingine kabla ripoti haijatoka mikononi mwako.